INJINI YA GARI ANGANI: TUIAMINI AU TUIOGOPE?

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma kuhusu nidhamu, ndoa za mapema na fasihi simulizi. Mwaka huu naomba mniruhusu niwapandishe juu kidogo, juu hasa, hadi kwenye ndege. Msiogope. Fizikia nitakayotumia ni ile ile ya darasani, na hesabu ni za Kidato cha Tatu.

Mambo yalianza hivi. Mjomba wangu ni makanika wa jua kali. Ana gari dogo kuukuu ambalo lilipita kilomita 300,000 zamani, na analipenda kama mboni ya jicho lake. Jumapili moja alipokuja kwetu kunywa chai aliligonga boneti akasema, "Hii injini haijawahi kuniangusha hata siku moja. Ningeifunga mabawa ingenifikisha Mombasa bila kutua." Sote tulicheka, lakini mimi nilimwamini nusu.

Wiki mbili baadaye alikuwa akimpeleka nyanya kliniki, nami nilikuwa kiti cha nyuma nimeshika mkoba wake. Tulipofika katikati ya mlima, mvuke ukaanza kufuka chini ya boneti kama sufuria ya githeri. Mshale wa joto ukapanda hadi mwisho. Mjomba akazima injini, akaegesha kando ya barabara, nami nikatafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Alipofungua boneti, kumbe kilichopasuka ni mpira wa maji uendao kwenye rejeta, kitu cha shilingi mia chache tu. Mjomba akasema kwa fahari, "Mnaona? Injini ni nzima!" Nyanya akamtazama, kisha akamwuliza polepole, "Na kama tungekuwa huko juu ulikosema, ungeegesha wapi?"

Mjomba hakujibu. Swali hilo lilinikaa kichwani muhula mzima, kwa sababu nikimaliza shule nataka kuwa injinia wa ndege. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu nyanya.

WAPO WANAOFANYA HIVYO KWELI

Nilidhani mjomba anatania tu, kumbe duniani wako watu wengi ambao wamefunga injini za magari kwenye ndege na wakaruka. Nchini Marekani sheria inamruhusu raia kuunda ndege yake kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha, mradi sehemu kubwa ya kazi ifanywe na wasiounda ndege kwa malipo. Tangu mwaka 1953 waundaji hao wana chama chao, Experimental Aircraft Association, kilichoanzishwa na Paul Poberezny. Kila mwaka hukusanyika mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin, na ndege zao za mbao, kitambaa na bati.

Mbona wasinunue injini ya ndege? Jibu ni pesa. Injini mpya ya ndege ndogo iliyopasishwa na serikali hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Injini ya gari iliyotolewa kwenye gari bovu hupatikana kwa mia kadhaa.

Wala si jambo jipya. Ndugu Wright walipokuwa wakijiandaa kuruka mwaka 1903, waliwaandikia watengenezaji wa injini, wakiwamo wa magari, wakakosa injini nyepesi ya kutosha. Ikabidi fundi wao Charlie Taylor aiunde wenyewe karakanani, ikatoa nguvu za farasi 12 hivi. Mwaka 1929 Bernard Pietenpol, fundi wa kijiji cha Cherry Grove katika jimbo la Minnesota, alirusha ndege yenye injini ya gari la Ford Model A. Injini hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100 na nguvu za farasi 40 tu, lakini iliruka. Michoro yake ilichapishwa, na hadi leo kuna watu wanaoijenga ndege hiyo ya Air Camper. Baadaye injini za Volkswagen, yale magari ya umbo la kobe, zikaingia katika ndege nyingi ndogo za Ulaya na Marekani.

Kwa hivyo swali si kama injini ya gari inaweza kurusha ndege. Inaweza. Swali ni la nyanya: utajuaje kama itaendelea kuzunguka? Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa.

KILOMITA SI HOJA

Rafiki yangu tunayeketi dawati moja alinipinga vikali. Alisema, "Gari la mjomba wako limekwenda kilomita 300,000. Tuseme kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa. Hizo ni saa 6,000! Na injini ya ndege hufunguliwa na kutengenezwa upya baada ya saa 2,000. Sasa ipi ni bora?"

Hesabu yake ni sawa kabisa. Injini kama Lycoming O-320, iliyofungwa kwenye ndege nyingi za Cessna 172, mtengenezaji wake hushauri ifunguliwe baada ya saa 2,000 hivi. Lakini rafiki yangu alihesabu saa akasahau kazi. Gari dogo likienda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara tambarare hutumia kama robo tu ya nguvu zake, na mara nyingi pungufu. Mjini ndiyo kabisa, linasimama kwenye msongamano likinguruma bure. Ndege haina mteremko wa kupumzikia. Inapopaa hutumia nguvu zake zote, na hata ikishatulia angani huendelea kutumia kama asilimia 65 hadi 75, saa baada ya saa. Ni sawa na mtu anayejisifu ametembea kutoka Nakuru hadi Nairobi, halafu umwambie apande Mlima Kenya mbio akiwa amebeba gunia.

Hata hivyo haki itendeke. Makampuni ya magari hujaribu injini zao mpya kwenye benchi kwa mamia ya saa kwa nguvu nyingi, kwa hiyo pistoni, silinda na vali za injini nyingi za kisasa zinaweza kustahimili kazi hiyo zikipozwa vizuri. Ukichunguza injini za magari zilizozimika angani, mara nyingi utakuta kisa ni kile cha mlimani: chuma cha ndani ni kizima, kilichokufa ni kitu kilichofungwa kando yake. Tuvitazame vitu hivyo.

PROPELA NA KASI YA SAUTI

Injini ndogo ya gari hupata nguvu zake kwa kuzunguka upesi, mara 5,500 hivi kwa dakika. Propela, yaani rafadha, haitaki mwendo huo. Hebu tupige hesabu. Propela yenye kipenyo cha mita 1.8 ina mzingo wa kama mita 5.65. Ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, hiyo ni mara 45 kwa sekunde, ncha yake inakwenda mita 254 kwa sekunde. Hapo ni salama. Ikizunguka mara 5,500, ncha inafika mita 518 kwa sekunde, na sauti yenyewe husafiri mita 340 hivi tu kwa sekunde. Ncha ikiipita kasi ya sauti, propela hupiga kelele za ajabu na nguvu nyingi hupotea bure.

Kwa hivyo mwundaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kufunga propela moja kwa moja kwenye krenki, ule mhimili mkuu wa injini, na kukubali injini iende polepole na itoe nguvu pungufu. Ya pili ni kuweka gia au mkanda katikati ili injini ikimbie na propela itembee.

Njia ya gia inavutia, lakini hapo ndipo wengi walipoumia. Injini ya silinda nne huwaka mara mbili kila inapozunguka mara moja. Kwa mizunguko 5,500, hivyo ni vipigo 11,000 kwa dakika. Kila kipigo kinasukuma krenki mbele ghafla, kisha inalegea. Propela nayo ni nzito na ndefu, haipendi kubadilisha mwendo. Meno ya gia yaliyo katikati yanapondwa kama mahindi kati ya mchi na kinu.

Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha kwamba kila kitu kinachoweza kutikisika kina mpigo wake wa asili. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati unaolingana na mpigo huo, hata kwa kidole, atapanda juu mpaka mama yake apige kelele. Vipigo vya injini vikilingana na mpigo wa gia na propela, mtetemo wa kusokota hukua namna hiyo hiyo, na chuma kinakatika ingawa kingeweza kubeba mzigo mara kadhaa ya huo ukiwa mtulivu. Ajabu ni kwamba mara nyingi hili hutokea injini ikiwa polepole, wakati rubani anadhani anaipumzisha. Kwenye gari hatulioni sana kwa sababu flaiwili nzito, springi za klachi na mipira ya magurudumu humeza mitetemo hiyo. Ukiitoa injini kwenye gari, vyote hivyo umeviacha nyuma.

Simaanishi kwamba gia ni mbaya. Injini ya Rotax 912 ya Austria huzunguka hadi mara 5,800 kwa dakika na ina gia, nayo imeaminiwa kote duniani kwa miaka mingi. Lakini ile iliundwa kwa ajili ya ndege tangu mwanzo, gia na injini vikachorwa na kujaribiwa pamoja. Gia iliyochongwa karakanani kwa kukisia ni jambo jingine kabisa.

Njia ya kwanza nayo ina mitego yake. Kati ya mwaka 1960 na 1969 kampuni ya Chevrolet ilitengeneza gari liitwalo Corvair, lenye injini ya silinda sita inayopozwa kwa hewa. Pietenpol yule yule aliifunga kwenye ndege yake mwaka 1960, ikamfaa sana. Kwa miaka mingi iliruka kwenye ndege za polepole. Baadaye watu wakaifunga kwenye ndege za kasi zaidi, na katika miaka ya 2000 baadhi ya krenki zikaanza kukatika angani. Kwa nini? Shika gurudumu la baiskeli linalozunguka, kisha jaribu kuligeuza upande. Utaona linavyopinga mkono wako. Propela hufanya hivyo kwa krenki kila ndege inapogeuka, na krenki ya gari haikuundwa kwa kazi hiyo. Mafundi walizichunguza krenki zilizokatika, wakaanza kuzifanya ngumu zaidi kwa nje, kisha wakaongeza beringi ya tano upande wa propela. Jambo la kushika hapa ni kwamba injini ni ile ile, lakini uaminifu wake ulibadilika ilipofungwa kwenye ndege tofauti.

MAJI, MOTO NA UMEME

Rejeta ya gari imewekwa mbele kabisa inakopigwa na upepo. Kwenye ndege inabidi itafutiwe mahali, na hewa si tu iingie, lazima pia ipate pa kutokea. Wakati mgumu zaidi ni ndege inapopaa, kwani nguvu ni nyingi na upepo ni haba. Mpira mmoja wa maji ukipasuka, rubani ana dakika chache tu. Zile injini za Volkswagen hazina maji, lakini vichwa vya silinda zake vikipata moto sana huharibika, kwa hiyo rubani mwenye busara hazilazimishi kutoa nguvu zote kwa muda mrefu.

Kuhusu umeme kuna kisa ambacho kila mpenda ndege anapaswa kukijua. Mwezi wa Machi mwaka 2007, ndege ya injini mbili aina ya Diamond DA42 ilipaa kutoka Speyer, Ujerumani. Injini zake za dizeli zilitokana na injini ya gari la Mercedes-Benz, na si za karakanani, zilikuwa zimepasishwa na serikali. Kila moja iliongozwa na kompyuta. Siku hiyo betri ya ndege ilikuwa imeisha nguvu, kwa hivyo injini ziliwashwa kwa umeme wa kutoka nje. Ndege ilipoondoka ardhini, rubani alikunja magurudumu. Mota za kukunja magurudumu zilivuta umeme mwingi ghafla, betri ikashindwa kusaidia, kompyuta zikazimika kwa kitambo kidogo, na injini zote mbili zikasimama pamoja. Bahati nzuri hakuna aliyekufa. Baada ya hapo ndege za aina hiyo ziliwekewa betri za akiba kwa ajili ya kompyuta za injini.

Mnaona? Injini zilikuwa mbili, lakini zote zilitegemea umeme mmoja. Injini ya zamani kama Lycoming ina magneto mbili, kila moja ikijitengenezea cheche zake bila betri, na kila silinda ina plagi mbili. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Ni teknolojia ya kizee, lakini ina jibu la swali la nyanya.

WALE WASEMAO "HAIJANISUMBUA"

Sasa tumefika kwenye kiini cha makala haya. Ukimwuliza mwenye ndege kama injini yake ni ya kuaminika, atakwambia, "Mimi nimeruka saa 100, haijanisumbua hata kidogo." Anasema kweli, wala si mwongo. Je, tumwamini?

Tutumie zile hesabu za uwezekano tulizofanya Kidato cha Tatu. Chukua injini mbaya sana, ambayo kwa kila saa moja ya kuruka ina uwezekano wa 0.01 wa kuzimika. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angepanda ndege hiyo. Uwezekano wa kumaliza saa moja salama ni 0.99. Wa kumaliza saa 100 ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 100. Chukua kikokotoo ufanye. Utapata 0.37 hivi.

Maana yake ni nini? Watu 100 wakiwa na injini hiyo mbovu, 37 kati yao watamaliza saa 100 bila tatizo lolote. Hao 37 watakuja kwenye mikutano na fulana zao, wataisifu injini, watawashauri wengine wanunue. Na wale 63? Wengine wameuza mabaki, wengine wana aibu, wengine hawapo tena. Hawaji mkutanoni. Ukiwauliza waliokuja tu, utaambiwa injini ni nzuri ajabu. Isitoshe, baadhi ya wanaozungumza ni wauzaji wa injini hizo, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Serikali ya Marekani inajua jambo hili. Kwa kawaida ndege mpya iliyoundwa nyumbani hurushwa kwanza mbali na makazi ya watu. Ikiwa na injini na propela zilizopasishwa pamoja, ni saa 25. Ikiwa na injini ya gari au nyingine isiyopasishwa, ni saa 40. Lakini hata saa 40 ni mwanzo tu. Ile injini yetu mbovu ingefaulu mtihani wa saa 40 mara 67 katika kila mara 100!

Tugeuze swali. Tuseme unataka kuwa na hakika ya asilimia 95 kwamba injini haizimiki zaidi ya mara moja kwa saa 1,000. Unahitaji kama saa 3,000 za kuruka bila kuzimika hata mara moja. Mwenye ndege akiruka saa 50 kwa mwaka, atahitaji miaka 60. Atakuwa babu, na bado hajui.

Hili ndilo jibu nililolipata baada ya muhula mzima: mtu mmoja hawezi kujua uaminifu wa injini yake, hata awe mkweli namna gani. Hujulikana na wengi, wenye injini ya aina moja, iliyofungwa kwa namna moja, ambao wanaandika kila kitu na kusimuliana yaliyowaharibikia, si yaliyowaendea vizuri tu. Ndiyo maana Volkswagen na Corvair zinajulikana vizuri, pamoja na ubaya wao. Anayebuni gia yake, rejeta yake na nyaya zake peke yake anaanza kuhesabu kutoka sifuri.

Wala tusidhani hatari ni ndogo. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichapisha uchunguzi mwaka 2012. Ilionyesha kwamba ndege za kuundwa nyumbani zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za nchi hiyo, lakini mwaka 2011 zilihusika katika asilimia 15 hivi ya ajali zote za ndege hizo na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Kuzimika kwa injini na rubani kushindwa kuiongoza ndege ndizo sababu zilizojitokeza zaidi. Takwimu hizo ni za ndege zote za nyumbani, si za injini za magari peke yake, kwa hivyo tusizitumie kumhukumu yeyote haraka. Injini zilizopasishwa pia huzimika.

MASWALI YA KUULIZA

Kama siku moja mtu atakuonyesha ndege yenye injini ya gari, usiulize "Ni nzuri?" Muulize haya:

1. Imeruka saa ngapi, si kilomita ngapi? Na zipo ngapi nyingine zilizofungwa hivi hivi?

2. Unatumia nguvu kiasi gani, na kwa muda gani? Anayeibana injini hadi nguvu ya mwisho hawezi kujivunia rekodi ya mwenzake anayeiendesha kwa upole.

3. Kati ya injini na propela kuna nini? Nani alikipima mtetemo wake?

4. Kitu kimoja kikifa, kama vile betri, pampu ya mafuta, kompyuta au plagi, ni kipi kitakachobaki kikifanya kazi?

5. Ndege yako inatua kwa kasi gani? Injini ikizimika ndege haianguki kama jiwe. Cessna 172 ikiwa mita 300 juu inaweza kunyiririka karibu kilomita 2.7. Lakini ikizimika mita 60 juu, ndiyo kwanza imepaa, inapata kama mita 540 tu. Ndege ya polepole kama Air Camper inaweza kutua kwenye shamba dogo na rubani akatoka akijipangusa vumbi. Ya kasi haikusamehe.

6. Nani aliyeharibikiwa, na aliharibikiwa na nini? Akikujibu "hakuna", jihadhari. Akikutolea orodha, keti umsikilize, kwani huyo ndiye anayejua.

TAMATI

Likizo ya Agosti nilimsomea nyanya makala haya, mjomba akiwapo. Tulipofika kwenye zile hesabu za watu 37, mjomba aliacha kunywa chai. Kisha akaanza kutaja, mmoja mmoja, wateja aliowatengenezea magari ambao hawakurudi tena. Siku zote alikuwa akidhani hawakurudi kwa sababu magari yao yalipona.

Siku iliyofuata alinunua daftari. Sasa kila gari linaloingia gerejini mwake linaandikwa: tarehe, kilomita, kilichoharibika, na jinsi kilivyoharibika. Ameanza pia kuwapigia simu wale wa zamani. Ameniambia kurasa za betri, nyaya na mipira ya maji ndizo zinazojaa haraka. Nyanya naye hajapanda tena lile gari kabla ya kuuliza, "Mpira wa maji uliubadilisha lini?" Na sasa mjomba ana jibu, kwa kuwa limeandikwa.

Wasomaji wapenzi, si lazima uwe na ndege ndipo yakufae haya. Ukiambiwa dawa fulani haijamdhuru mtu, matatu fulani haijawahi kupata ajali, au njia fulani ya kusoma usiku kucha haijamfelisha yeyote, uliza ni wangapi waliojaribu, na wale wasiokuja kusimulia wako wapi. Tahadhari kabla ya hatari.

Kwa hayo machache natua kalamu, maana mimi angalau nina pa kutua. Nawatakia watahiniwa wa Kidato cha Nne kila la heri.

Wenu mtiifu,
Mwanachama, Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu Mashariki.